Miaka Mitatu ya Djamila Chini ya Plastiki

Mimi Clovis, fundi wa fotokopi karibu na soko la Kasongo, ndiye niliyeziharibu karatasi za Djamila. Naanza na hilo kwa sababu watu wanapomsifu Djamila, injenia wetu, huwa wananiruka, na mimi sipendi kurukwa, hata pale ambapo ningefaa kushukuru.

Nina mashine mbili. Moja inatoa fotokopi, nyingine inapiga plastiki kwa moto. Ya pili ndiyo inayopendwa. Watu wa huku wanapiga plastiki kila kitu: kadi ya ubatizo, kadi ya kura, picha ya marehemu, hata karatasi ya kununulia baiskeli. Usiwacheke. Mchwa wa Kasongo hawachagui, paa zinavuja, na upande wa Kabambare watu wamekimbia makwao mara nyingi. Mama Safia, mama yake Djamila, ni mtu wa Wamaza, upande huohuo. Mwaka mmoja familia yake ilikimbia na vyeti vyote ndani ya sufuria, wakavuka mto, na walipofunua kifuniko wakakuta uji wa karatasi. Kaka zake wamesoma, lakini hawana cha kuonyesha. Basi nyumbani kwa Djamila karatasi ilikuwa kitu cha kulindwa kama mtoto mchanga.

Baba yake, Mzee Souleymane, anauza vitambaa na sabuni sokoni, kama babu yake alivyouza. Hajui Kifaransa. Djamila alianza kuja kwangu akiwa darasa la tano, kutoa fotokopi za mazoezi, na siku ya kwanza tu alinirudishia ukurasa akisema nane yangu inafanana na sita. Nilikasirika. Nikaangalia vizuri, nikaona ana haki, nikakasirika zaidi. Tangu siku ile nilikuwa nasafisha kioo cha mashine kila nikimwona anavuka barabara.

Alikwenda Kindu kusoma kemia, miaka mitatu, akarudi na licence, yaani shahada ya kwanza. Mwaka wa mwisho walimpeleka Salamabila kupima maji ya kijito ambacho wachimbaji wanaoshea dhahabu kwa zebaki. Miezi miwili alichota, akapima, akajaza daftari. Siku anafunga mizigo, mwanamke mmoja anayewapikia wachimbaji, jina lake Rosine, akamsimamisha.

"Miezi mbili uko unachota maji yetu na vichupa. Sasa umejua iko mubaya. Batoto banywe nini?"

Djamila aliniambia yeye mwenyewe kwamba alimpa yule mama mkono, akapanda pikipiki, na mpaka Kasongo alikuwa na aibu. Daftari zima la namba, na hakuna hata mstari mmoja wa kumwambia Rosine afanye nini.

Ndiyo maana alitaka uhandisi. Huko Lubumbashi kuna kitivo kinachowapokea watu wenye licence ya sayansi. Miaka mitatu waliyosoma inahesabiwa kama miwili ya huko, wanaongeza mitatu, wanatoka mainjenia. Bila kuhesabiwa, unaanza mwanzo pamoja na watoto waliotoka sekondari juzi: miaka mitano. Wajomba waliposikia walishangaa, kwa kuwa mtu mwenye diploma kurudi darasani waliona ni sawa na kusema ile ya kwanza haikuwa ya kweli. Mzee Souleymane naye alimwita barazani. Mimi nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka fotokopi zake.

"Mutoto wangu, diplome uko nayo. Unatafuta nini tena?"

"Baba, kemia inaniambia ndani ya maji muko nini. Namna ya kuyatengeneza, hapana. Kule njo banafundisha."

Mzee alivuta ndevu zake. Halafu akasema: "Miaka tatu nakupa. Ya ine, sina."

Na Mzee Souleymane akisema sina, hata mteja wa miaka ishirini harudi kuuliza bei.

Djamila akatuma maombi, kisha akaenda Salamabila kufundisha kemia sekondari huku akisubiri jibu. Diploma na releve zake, zile karatasi za pointi za kila mwaka, alimwachia baba. Wiki ya pili tu baba akaja kwangu nazo, zimefungwa ndani ya kitambaa kipya.

"Clovis, unifungie hizi. Nataka hata bajukuu bazione."

Sasa nisikilize. Kwenye pembe ya kila karatasi kulikuwa na muhuri mkavu, ule usio na wino, ambao huuoni vizuri mpaka uupitishie kidole. Nilijua joto litaulaza. Nilijua kabisa. Lakini mzee alikuja na marafiki wawili kuwaonyesha, na alikuwa anacheka, mtu ambaye hacheki ovyo. Nilifungua mdomo nikaufunga. Karatasi zikaingia upande huu zikatoka upande ule, zinang'aa, laini, hazina kitu pembeni. Mzee akanishika bega akanishukuru. Nilikula vibaya siku ile.

Miezi minne baadaye Djamila akashuka pikipiki ya Salamabila mbele ya kibanda changu, vumbi mpaka kwenye kope, simu mkononi. Jibu lilikuwa limekuja. Wamemkubali, na miaka yake mitatu itahesabiwa, ila tume ya kitivo lazima ione releve za asili na kugusa muhuri. Mstari wa mwisho ulisema karatasi zilizopigwa plastiki hazipokelewi. Tume itakaa baada ya wiki nne.

"Nipitie kwanza kwa Baba nizichukue," akasema, "halafu nakuja kwako kutoa kopi."

Nilimwangalia akienda. Alirudi baada ya nusu saa, anatembea polepole, akaweka zile karatasi juu ya meza yangu, akakaa kwenye benchi la wateja.

"Papa Clovis, hii inatoka?"

Tulijaribu kwa kitambulisho cha zamani cha marehemu shemeji yangu. Tulipasha pasi ya makaa, tukavuta. Plastiki ilitoka na uso wote wa karatasi, tukabaki na kipande cheupe. Djamila akaziondoa za kwake haraka, akazikumbatia. Hakulia. Heri angelia.

Mzee Souleymane alipoelewa alichofanya, alifunga duka mchana kweupe. Kesho yake tuliondoka na pikipiki mbili kwenda Kindu, chuoni alikosoma: Djamila na baba yake kwenye moja, mimi nyuma ya nyingine. Nilisema nakwenda kumtafsiria mzee Kifaransa, kana kwamba binti yake hana mdomo. Siku mbili za matope. Kila tuliposimama kusukuma niliamua kusema kwamba nilijua joto litaulaza muhuri, na kila tulipopanda tena nilikuwa sijasema.

Njiani nilikuwa na wazo moja tu, na lilikuwa baya. Chuo kinatoa karatasi mpya kwa mtu aliyepoteza za kwanza, mradi alete cheti cha polisi.

"Sema zimepotea," nilimwambia Djamila mlangoni pa ofisi. "Nani atajua?"

"Ziko ndani ya mukoba wangu, Papa Clovis. Niape zimepotea na niko nazo mugongoni?"

Akaingia. Sekretari wa kitivo alikuwa Mama Julienne, mwanamke mwenye miwani mbili, moja puani na moja kichwani. Alizishika zile karatasi, akazipitishia kidole gumba pembeni, mara ya kwanza, mara ya pili. Akatikisa kichwa.

"Nani alifanya hii?" akauliza kwa Kifaransa, nami nikamtafsiria mzee.

Djamila alikuwa anaanza kujibu. Mzee Souleymane akasimama, akavua kofia yake. Nilikuwa sijawahi kumwona bila kofia, miaka yote ya ujirani.

"Ni miye, Mama. Mutoto hana kosa. Miye sijui kusoma hizi mambo, niliona tu ni kitu ya bei. Kama iko malipizi, unilipize miye."

Mimi nilikuwa nimesimama pale pale, kati yao. Mzee wa miaka sitini na saba anabeba kosa langu mbele ya mtu anayeweza kuwa binti yake, na mimi natafsiri.

Mama Julienne akashusha ile miwani ya kichwani. "Releve mara ya pili siwezi, Papa. Anazo. Sheria inakataa." Kisha akainuka, akavuta rejista kubwa kutoka kabatini, akatafuta kwa kidole mpaka jina la Djamila, mwaka wa kwanza, wa pili, wa tatu. "Lakini hakuna sheria inanikataza kuandikia wenzangu wa Lubumbashi yale yaliyo ndani ya rejista yangu. Ofisi kwa ofisi."

Aliandika siku nzima, katikati ya watu wengine. Jioni dekano, mkuu wa kitivo, alitia sahihi, muhuri mkavu ukabanwa juu ya kila ukurasa, bahasha ikafungwa na kupigwa muhuri juu ya mshono. Akampa Djamila. "Usiifungue. Hata ikinyesha, usiifungue."

Djamila akapanda treni ya kusini, ile ambayo kuondoka kwake ni habari na kufika kwake ni habari nyingine. Kabla ya kupanda, baba yake alimshika mkono.

"Bakikataa, anza mwanzo. Miaka tano. Nitatoa."

"Baba, ulisema ya ine huna."

"Nilisema. Sasa nasema ingine."

Hapo ndipo Djamila alipolia, karatasi zote hazikumliza ila hilo.

Siku kumi na tisa hatukujua kitu. Simu yake ilikamata mara moja tu, akasema wako Kongolo wanangoja kichwa kingine cha treni. Mzee alikuwa anakuja kibandani asubuhi, anakaa, hanunui, anaangalia simu yangu kwenye chaji. Mimi nilikonda, mke wangu ni shahidi.

Alhamisi, saa nne asubuhi, simu ikalia. Nikaiweka sauti juu.

"Papa Clovis, Baba iko hapo? Bamekubali. Bamefungua bahasha, bameguza muhuri, basi. Miaka yangu tatu yote bameihesabu."

Mzee aliinama karibu na simu kama anayemnong'oneza mtoto. "Habakurudishe nyuma?"

"Hapana, Baba. Naendelea mbele."

Akakaa chini, si kwenye benchi, chini kabisa, penye vumbi, akapumua. Habari ilifika sokoni kabla hatujakata simu, na Mama Safia akaja mbio na wenzake, kopo la poda mkononi. Huku kwetu mtu akifaulu anamwagiwa poda kichwani. Lakini aliyefaulu alikuwa Lubumbashi, kwa hiyo wakamwagia baba. Kofia, ndevu, kanzu, vyote vyeupe, na vigelegele. Mzee, ambaye maisha yake yote hakuruhusu tone la chai limguse nguo, alikaa akawaacha.

Nikaona nisiposema sasa sitasema tena. Nikachuchumaa mbele yake.

"Mzee Souleymane, ule muhuri. Siku ile nilijua joto litaulaza. Nilikuona unafurahi, nikanyamaza. Hata Kindu nilinyamaza."

Kelele zilikuwa nyingi, nikadhani hakusikia. Alisikia. Alinitazama, macho mekundu katikati ya ule weupe.

"Ulijua?"

"Nilijua."

Akapeleka viganja vyote viwili kichwani mwake, akakusanya poda, akanipaka usoni, mashavu mawili, paji la uso, polepole, kama mama anavyompaka mtoto aliyetoka kuoga.

"Basi hii nusu iko yako," akasema. "Tulikosa babili, tufurahi babili."

Nililia mbele ya wateja wangu, na sikuona haya.