Mgongo wa Biti Hamisi

Siku niliyomkana mama yangu naikumbuka vizuri kuliko siku niliyooa, mwanangu, na bibi yako akisikia haya atanuna, lakini ndiyo kweli yenyewe. Ilikuwa Nachingwea, miaka ile ya mradi wa Waingereza wa karanga, makatapila yakifyeka pori, nami kijana nisiyeshikika. Usinidharau kwa kuniona nimejikunja kwenye kiti hiki. Katika mpira wa kikapu wa viti vya magurudumu, Nachingwea hadi Ruangwa, nilikuwa moto wa kuotea mbali!

Mchezo tulifundishwa na muuguzi mmoja wa hospitali. Viti viliundwa karakana kwa magurudumu ya baiskeli. Kikapu chenyewe kilikuwa tenga la muhogo, limetobolewa kitako na kufungwa juu ya nguzo, na uwanja wetu ni sakafu ya saruji ya ghala. Wachezaji walikuwa watu walioumia kazini. Huyu mguu umekatwa na mnyororo wa katapila, yule kaangukiwa na gogo, na kila mmoja akisimulia ajali yake kama askari anayesimulia vita. Nahodha wetu, Bwana Issa wa Nambilanje, hakuwa na miguu yote miwili.

Mimi sikuwa na ajali ya kusimulia. Miguu yangu ililala nikiwa na miaka mitatu, kwa homa, huko kwetu Nkowe. Nachingwea nilikwenda kuziba pancha, kazi ya kukaa. Basi Bwana Issa aliponiuliza, "Na wewe kijana, kilikupata nini?" nikaona haya kutaja homa ya utotoni. Nikamwambia niliangukiwa na mti, kambi ya mbali huko. Wakanipa pole, wakanipa na kiti. Uongo ule nikauvaa kama kanzu ya Idi.

Sasa sikia niliyekuwa namficha. Mama yangu, Biti Hamisi, alinibeba mgongoni mpaka nikafika miaka kumi na miwili. Shambani mgongoni, chuo cha Kurani mgongoni, hata akienda kuvuna ufuta. Shoga zake wakimtania, "Biti Hamisi we, dume hilo litaota ndevu mgongoni kwako!" Naye akiwajibu, "Zikiota nitazinyoa." Akinishusha, natambaa kwa mikono. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Uzito wangu aliujua yeye peke yake.

Sifa zangu zikamfikia Nkowe. Siku ya mechi yetu na timu ya hospitali nikamwona anaingia ghalani, vumbi limempanda mpaka magotini, mkononi kifurushi cha ufuta. Alikuwa ametembea siku mbili. Kusikia ananiulizia, Bwana Issa akamwendea kwa adabu, "Shikamoo, mama. Pole sana kwa ule mti uliomwangukia mwanao."

Mama akanitazama. Nami nikainama, nikajifanya nakaza gurudumu.

"Nimeshapoa, baba," akasema, akaenda kukaa ukutani.

Yaani mama yangu, aliyenicharaza bakora kwa uongo wa embe moja tu, alisema uongo mbele za watu ili kunisitiri! Nikaingia uwanjani nikimtupia jicho kule ukutani. Kila mpira nilioutupa ulipita kando ya tenga, na kufikia mapumziko tulikuwa nyuma.

Bwana Issa akanisogelea, akakamata viganja vyangu, akavigeuza. "Sugu hizi si za juzi, Selemani. Siku ya kwanza tu nilijua hakuna mti. Sisi mikono yetu imeanza kazi ukubwani, yako imeanza utotoni, ndiyo maana unatushinda wote. Nilinyamaza nikisema atakua. Kumbe hukui! Mwanamke katembea siku mbili, wewe unamwona haya? Mti gani uliwahi kumbeba mtu?"

Nililia, na sioni aibu kusema. Kisha nikarudi uwanjani nikacheza kama mtu anayedaiwa roho yake, na mpira wa mwisho, uliotupa ushindi, niliutupa mimi. Watu wakapiga vigelegele. Nikainua mkono wanyamaze.

"Sikuangukiwa na mti," nikasema. "Niliugua utotoni. Aliyenibeba ni huyu hapa, mama yangu, Biti Hamisi wa Nkowe. Na mikono hii mnayoishangilia ni yake."

Mama akainuka taratibu, akaja, akanishika kidevu huku machozi yanamtoka na kicheko kinamtoka. "Ama kweli zimeota," akasema. "Wembe uko wapi?"

Baadaye nilikuwa nahodha mimi. Tulikwenda kucheza hata Ruangwa, juu ya sakafu ya udongo wa kichuguu waliyoipigilia kina mama wa huko, na mama yangu alikaa mbele kuliko wakubwa wote wa boma. Nilishinda mechi nyingi, lakini ninayojivunia ni ile.

Kwa hiyo mwanangu, njia ya mwongo fupi, na ile ya kuikimbia asili yako haifiki popote. Jina ukilipata, usijitungie mwanzo mwingine. Unachokionea haya huenda ndicho kilichokupa nguvu. Mungu akujalie mikono yenye sugu na mgongo wa kumbebea mwenzio, na siku watakapokushangilia akupe ulimi wa kumtaja aliyekubeba, naye awe hai akusikie. Amina.