Siku Niliyomkwamisha Bibi Kwenye Runinga

Mimi nilikuwa nasema, tena kwa sauti, kwamba hapa Babati hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Mtu aliyeishia darasa la saba, akaanza na mkokoteni pale stendi, na leo ana studio yake ya video yenye kamera tatu na bango unaloliona ukiwa bado mbali ukitokea Bonga, atashangazwa na nini? Basi nilishangazwa na kasha dogo lenye taa nne, mbele ya watu kumi na mmoja, na nikipita Mutuka siku hizi navaa kofia, tena naishusha mpaka kwenye nyusi.

Kasha lenyewe ndilo linalotunza kazi zangu zote: harusi, ubatizo, kipaimara, misiba. Ndani yake kuna diski nne. Fundi wangu Theresia, binti wa Singe aliyesomea mambo haya, alinieleza kwamba zile diski ni kama wanaume wanne waliobeba jeneza. Mmoja akianguka, watatu wanaendelea kulibeba, unaweka mzima mahali pake, na wale watatu wanamfundisha mgeni yote aliyokuwa anayajua marehemu. Ila wakianguka wawili, jeneza liko chini. Mfano huo niliupenda mpaka nikaufanya wangu, kila mteja akiingia namhubiria jeneza, hata waliokuja kupiga picha za pasipoti tu.

Sasa mke wangu, Mama Ester, hawezi kuona kitu cha umeme kikikaa uchi. Runinga ina kitambaa cha kufuma, redio ina kitambaa, na kasha langu nalo akalifumia cheupe chenye maua ya pinki, kikaning'inia mpaka chini. Theresia akija anakitoa, akiondoka kinarudi. Wiki nzima kuna kitu kilikuwa kinalia pii, pii mle studio, nikasema ni nyenje. Nikapuliza dawa ya wadudu. (Ndiyo, nilipuliza dawa ya wadudu kwenye mashine. Endeleeni kucheka, nitawasubiri.)

Jumamosi moja saa tano asubuhi akaingia Mzee Bura wa Mutuka na ukoo wake. Harusi ya binti yake niliipiga mimi, na mama yake mzazi, bibi wa bibi harusi, ndiye aliyembariki mjukuu pale uwanjani. Wiki tatu baadaye yule bibi akafariki. Hakuna mtu mwingine aliyempiga video akisema zile baraka, simu zao zote zilikuwa zinamkimbilia bwana harusi. Sasa Jumapili, kesho yake ile Jumamosi waliyokuja, ilikuwa misa ya kumwombea, na walitaka kuondoka na video ili ukoo mzima uione nyumbani.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, Baba Ester. Tumekuja kumwona mama."

Nikawakalisha, nikawasha runinga, harusi ikaanza, watu wakatulia. Hapo ndipo nilipofanya kosa la kwanza: nikaona haitoshi wao kuona video, lazima waone na utajiri wangu, pale video inakotoka. Nikalifunua kasha kwa mbwembwe kama ninafunua keki. Taa tatu za kijani, moja nyekundu. Na yule nyenje akalia pii.

Nikampigia Theresia. Alikuwa Dareda.

"Baba Ester, diski moja imekufa. Usichomoe kitu. Ile mpya niliyokuachia kwenye droo iache hapo hapo, nafika saa sita."

Nikakata simu, nikawaangalia wale watu kumi na mmoja, nao wakaniangalia. Mimi nimsubiri mtu aje kuchomoa kitu ndani ya ofisi yangu, kazi ya dakika mbili, halafu nimpe elfu thelathini? Nikakunja mikono ya shati. Nikahutubia. Nikalieleza jeneza upya, nikamwambia Mzee Bura leo atashuhudia kwa macho yake mwili ukitolewa na mbebaji mpya akiingia bila harusi kukatika.

Sasa ipi imekufa? Nyekundu ilikuwa imetulia tu, haina wasiwasi. Ila moja ya kijani ilikuwa inapepesa, inapepesa, kama taa ya chumbani inayotaka kuungua. Mimi taa nimebadilisha maisha yangu yote. Inayopepesa ndiyo inayokufa, hilo halihitaji shule. (Baadaye niliambiwa ilikuwa inapepesa kwa sababu ndiyo inafanya kazi. Ndiyo iliyokuwa imembeba bibi saa ile ile.)

Nikaichomoa.

Kwenye runinga bibi ndiyo kwanza ameweka mkono juu ya kichwa cha mjukuu wake, amefungua mdomo. Akaganda hapo hapo.

"Mbona mama amekwama?" akauliza Mama Safari, dada yake Mzee Bura, mwanamke ambaye ulimi wake ungeweza kumenya viazi.

"Anajipanga," nikasema.

"Alijipanga akiwa hai. Sasa hivi mwache aongee."

Nikaona labda nimekosea, nikachomoa na ile nyekundu, nikasukuma mpya kwenye tundu moja, taa zote zikawa nyekundu. Nikawa nimesimama na diski mbili mkononi, zinafanana kama mapacha, na sijui tena ipi ilitoka wapi. Mzee Bura akainuka taratibu. Hakupaza sauti, na hicho ndicho kilichoniogopesha.

"Baba Ester, mama yangu nimeshamzika mara moja."

Ningekuwa mwanaume ningemjibu. Mimi nikasema naenda nyuma kuchukua spea. Huko nyuma hakuna spea, kuna choo, na ua wa michongoma. Nikatia diski moja kila mfuko, nikapanda ua, na suruali kwa uzito ule ikaanza kushuka wakati mimi napanda. Michongoma ikakamata kilichobaki. Nikatua upande wa pili kwa magoti, nimezikumbatia zile diski kama mayai, mbele ya bodaboda iliyokuwa inasimama. Aliyeshuka ni Theresia.

"Shikamoo, Baba Ester."

"Marahaba, mwanangu."

"Hizo ulizokumbatia ni nini?"

Nilitaka kusema redio. Lakini nyuma yangu, juu ya ua, kilikuwa kimeshatokeza kichwa cha Mama Safari. "Ni mama yetu hizo!" akapiga kelele. "Anatoroka naye!"

Nilirudishwa studio kwa mlango wa mbele, suruali nimeishika kwa mkono mmoja, wauza vitunguu wa ng'ambo ya barabara wamesimama wote. Theresia alizima kasha, akaligeuza. Ubavuni alikuwa amebandika karatasi zamani, imeandikwa namba za diski na matundu yake, na chini yake kwa herufi kubwa: INAYOPEPESA NI NZIMA, ISIGUSWE. Kitambaa kilikuwa kinaifunika. Nikamtazama Mama Ester, aliyekuwa amekuja mbio kwa zile kelele. Mama Ester akatazama dari.

Theresia akaitoa ile mpya, akairudisha diski nzima mahali pake, akawasha, akaandika mambo kwenye kompyuta. Mzee Bura alikuwa amevua kofia, ameishika kifuani. Taa tatu zikarudi kijani.

"Kabla ya yote namtoa bibi," akasema Theresia, akachomeka flashi.

Lakini akatoa zile video ghafi, ambazo sikuwa nimezikata, na ndani yake kuna kipande ambacho kwenye ile video ya harusi nilikuwa nimekiondoa kwa sababu zangu. Bibi akafungua mdomo, akambariki mjukuu, sauti ikatetemeka, watu wote mle ndani wakaanza kufuta macho. Halafu akageuka akatazama kamera moja kwa moja. "Na wewe mwenye shati la kung'aa, hebu sogea. Harusi si yako. Unaniziba nisione wageni."

Walicheka huku wanalia, na Mzee Bura alicheka mpaka akakaa chini. "Huyo ndiye mama," akasema. "Rudisha tena." Ikarudishwa mara nne. Akaniamuru kipande hicho kisikatwe kamwe, na kesho yake kikaonyeshwa Mutuka nzima.

Ndipo diski mpya ikawekwa ianze kufundishwa na wenzake, asilimia moja, asilimia mbili. Nikawaambia wageni wanaweza kwenda sasa.

"Hatuondoki," akasema Mama Safari. "Mle kuna ubatizo wa wajukuu wetu watatu. Tukiondoka utachomoa."

Wakakaa mpaka asilimia mia, saa kumi na mbili jioni, na mtu hawezi kuacha ukoo mzima na njaa ofisini kwake, kwa hiyo walikula kuku, wakala wali, wakanywa soda mara mbili mbili. Tangu siku hiyo taa ikiwaka nyekundu nakaa juu ya mikono yangu mpaka Theresia afike, na nyenje wote waliomo studio nawaheshimu. Elfu thelathini niliyotaka kuikwepa ilinigharimu laki tatu, elfu kumi na nane na mia tano, na hiyo mia tano ni ya uzi wa kushonea suruali.