Kikombe Nilichokifunga Uzi wa Mgomba

Mdomo wangu mnaujua, hakuna mtoto wala mchungaji ambaye sijamkemea, kwa hiyo haya ninayowaambia leo mcheke mpaka mshibe, mna haki, maana siku hiyo mate yangu mwenyewe yaliniumbua mezani mbele za watu.

Ilikuwa miaka ile baada ya vita, vijana walipokuwa wakifa mfululizo kwa ugonjwa tuliouita Juliana, ndio huu ukimwi, na mwanangu Mutalemwa naye akaondoka. Akamwacha mkewe, Koku, na watoto wawili katika chumba cha kupanga huko Buhembe, karibu na mjini. Shemeji zangu walikitaka kibanja chake, shamba lake la migomba kule kwetu Muleba, wakasema mwanamke arudi kwao, lakini neno la mwisho lilikuwa langu. Koku akanitumia ujumbe: "Mama, njoo ule kwangu Jumapili. Ukila nami nitajua tunarudi kibanjani. Usipokula, nawapeleka watoto kwetu Karagwe." Hivyo hivyo, bila kuyapaka asali.

Mpishi alikuwa Sista Noi, nesi wa kutoka Thailand aliyefanya kazi na Koku ya kuhudumia yatima. Alitaka kutupikia chakula cha kwao, akanunua na divai mjini, chupa nyekundu na chupa nyeupe. Mimi nikaambiwa nilete vya kwetu, nikapanda basi na dumu la omuramba, ile juisi tamu ya ndizi isiyochachushwa, na kibuyu cha rubisi, ambayo ndiyo pombe yenyewe (nilikipakata njia nzima kama mjukuu).

Sasa kwetu anayeleta rubisi huonja kwanza kwa mrija, watu waone hakuna sumu, kisha anampa wa pembeni yake mrija ule ule, na wa pembeni yangu angekuwa Koku. Kama alikuwa nao ugonjwa au hakuwa nao sikujua, yeye hakusema na mimi sikuuliza, nilikuwa namtazama mashavu tu kama yanakonda. Redio ilisema, na kanisani tuliambiwa, kwamba ugonjwa ule haupiti kwenye kikombe wala mrija, nikasikia kwa masikio yote mawili, lakini woga hauna masikio. Basi lilipopita Kemondo nilikuwa bado nauwaza mrija ule.

Nikaamua jambo dogo. Nilipofika nikasema leo tuna mgeni, mrija tuuache, tutumie vikombe. Koku alikuwa na vikombe vya bati, vyeupe, vyote sawa. Alipogeuka kwenda jikoni nikachomoa uzi mkavu wa mgomba kwenye kizibo cha kibuyu changu, nikaufunga kwenye mkono wa kikombe kimoja, nikakiweka mahali pa Koku, nisije nikakishika kwa bahati mbaya. Nikajiona nina akili.

Tukakaa. Upande wa pili wa meza walikuwa Ma Jeni, jirani yake Koku, na mumewe mzee wa kanisa, bado amevaa shati lake jeupe la ibadani. Likaja papai bichi lililotwangwa kwenye kinu na pilipili na njugu (papai bichi, jamani, na tena watu wanashukuru!), ukaja na mchuzi wa sangara kwenye tui la nazi na mchaichai, wa kijani, unanukia vizuri mno. Koku akajimiminia omuramba. Sista Noi akainua chupa zake.

"Bibi, samaki huyu na divai ipi? Mimi naona nyeupe, ina utamu kidogo. Pilipili inapenda kitu kitamu."

"Nyekundu," nikasema. "Kikali kinataka kikali mwenzake. Mimi nimekunywa divai wewe hujazaliwa."

"Ulikunywa wapi, Mama?" Koku akauliza.

"Kanisani."

"Kile kitone!" Ma Jeni akacheka mpaka akashika ubavu.

Basi kwa hasira nikajaza kijiko, nikameza, na juu yake nikashushia divai nyekundu, kikombe kizima, waone. Yamawe! Ule haukuwa mchuzi, ulikuwa moto wa kuchomea shamba, na divai ndiyo petroli yake, masikio yakaziba, machozi yakanimwagika, pua nayo haikubaki nyuma, sioni mtu, nikapapasa mezani nikanyakua kikombe cha kwanza kilichonigusa, nikagugumia omuramba, utamu wake ukaanza kuulaza ule moto, na hapo hapo kidole gumba kikagusa uzi.

Nikatema. Sikugeuka pembeni, sikuziba mdomo, nilitema vyote juu ya samaki wa watu na juu ya shati la mzee wa kanisa.

"Pilipili imemshinda Bibi!" Ma Jeni akasema, wote wakacheka, nikashukuru Mungu nimepona. Lakini Koku alikiokota kikombe akijaze tena, akauona uzi. Akatazama vikombe vingine, kimoja kimoja.

"Mama, hiki ni changu. Nani amekifunga?"

"Ni uzi tu wa shambani, umejinasa."

"Umejinasa na fundo ukajipiga?" Ma Jeni akauliza, sasa hacheki.

Koku akajaza omuramba, akanywa nusu, akakiweka mbele yangu na uzi wake. "Mbuzi wa mnadani ndiye anayefungwa alama, waitu. Haya, malizia. Pilipili bado inakuwasha."

"Bibi, haupiti kwenye kikombe," Sista Noi akasema taratibu.

Najua haupiti! Nilijua! Mdomo unaungua, machozi yananitoka, dawa iko mbele yangu, na mkono ukakataa kuinuka. Koku akanisubiri. Kisha akakichukua, akaanza kuondoa vyombo, na mzee wa watu alikuwa hajamaliza kula.

Nililala chini na wajukuu zangu, usingizi haukuja. Asubuhi nikaona mizigo ya Karagwe imefungwa. Nikaketi mlangoni na kile kibuyu cha rubisi ambacho hakuna aliyekigusa, nikatia mrija, nikaonja, nikamnyooshea.

"Koku mwanangu, shika."

Akaushika mrija, akaifuta kwa kitenge chake ile ncha niliyoinyonya mimi, akaifuta tena, polepole, kama anayetoa uchafu. Kisha akanywa, akanirudishia. Mimi sikufuta, nikanywa.

Basi la Muleba tulipanda wote, na shemeji zangu niliwaambia maneno ambayo hayaandikiki. Nimeapa sitamchagulia mtu divai mpaka nife, na alama kwenye chombo cha mtu sitaweka tena. Lakini Koku hasahau. Mpaka leo akinipa kikombe hunigeuzia kwanza pale pa kushikia.

"Kagua, Mama. Hakina uzi."

Nami mwenye mdomo wangu nanyamaza, nakunywa.