Fundi wa Makochi Apiga Magoti

Fundi wa makochi huongea huku amebana visumari midomoni, na akitaka kucheka huvitema kwanza kiganjani. Mama mwenye nyumba alikuwa amemwita mara ya tatu kwa mkono uleule wa kochi, ambao paka ameuchanachana. Leo ikishindikana, paka anahamia kwa shangazi. Fundi akaja na kigogo alichokizungushia kamba ya katani, akakisimamisha ubavuni mwa kochi. Mama, akiona haya wageni wakija kukiona, akakificha nyuma ya mlango. Fundi akakirudisha. "Mama, paka lazima anoe kucha. Ukimnyima pake, atachukua pako." Kisha akapiga magoti, akaanza kuikwaruza kamba kwa kucha zake mwenyewe, kwaru, kwaru, uso mkavu kama yuko msibani. Paka akamtazama weee, akajinyoosha, akaja kukwaruza kando yake. "Vizuri, mwenzangu," fundi akanong'ona, "usiniache peke yangu." Hapo ndipo baba mwenye nyumba alipoingia kutoka kazini. Akawatazama wote wawili, kisha akamgeukia mkewe. "Kumbe siku zote tunamsingizia paka?" Fundi akakinga kiganja, akavitema visumari vyote.