Nyota Aliyekosa Mudi

Jumamosi, ndani ya basi la kurudi Edmonton, Kanada, mama mmoja Mkenya mwenye sare ya kazi ya kutunza wazee alimkabili kijana mrefu, nyota wa timu ya mpira wa kikapu ya chuo tuliyotoka kuishangilia ikifungwa.

"Wiki jana ulicheza mpaka tukasimama kwenye viti. Leo umezubaa uwanjani kama mgeni! Shida ni nini?"

Kijana akainua mabega. "Sikuwa na mudi, Anti."

"Mudi? Mimi nimeogesha wazee tangu alfajiri, ndipo nikaja kukutazama. Nani aliniuliza mudi yangu?"

Kijana akageukia dirisha. Nilichemka! Wenzake wanakililia kipaji kile, yeye anakitoa akijisikia. Na kinachoniudhi zaidi, Jumamosi ijayo nitakwenda tena kumpigia makofi.