Macho ya Tata na Yangu

Ipo asubuhi moja nisiyoisahau, mwanangu uliyenitembelea. Mvua ya kijijini kwetu Kinyala ilikuwa imetufukuza kwenye shamba la chai, nami nikakaa ndani na redio. Nilikuwa kijana, nimeoa juzi tu. Tata, yaani baba yangu mzazi, alikuwa kibarazani akipukuchua maharage, uso ameuelekeza kwenye migomba asiyoiona.

Macho yake yaliondoka polepole, bila maumivu. Alianza kwa kujigonga kwenye miimo ya milango, nasi tukamtania kwamba ni uzee. Wahenga husema dalili ya mvua ni mawingu. Lakini glakoma, hiyo tunayoiita presha ya macho, humnyeshea mtu anga likiwa jeupe. Tulipomfikisha hospitali kule Mbeya, daktari alisema mshipa wa fahamu unaopeleka nuru kutoka jichoni hadi kwenye ubongo umekufa, na ukishakufa haufufuki.

Basi asubuhi hiyo redio ikatangaza kwamba watafiti wa ng'ambo wamefaulu kuotesha upya nyuzi za mshipa huo kwa panya. Nilitoka mbio.

"Tata, utaona! Wameweza kwa panya, kwa watu hawatashindwa!"

Akanigeuzia uso. "Hao panya wanaona?"

"Bado wanajaribu, Tata."

"Mungu awasaidie. Na wewe, macho yako umeyapima lini?"

Nikacheka. "Mimi naona vizuri."

"Hata mimi nilikuwa naona vizuri." Aliweka ungo chini. "Daktari alisema ugonjwa huu hufuata damu. Kila siku mnaniletea habari za macho yangu. Habari za macho yenu ataniletea nani? Mnataka niwarithishe giza?"

Hakupaza sauti, mwanangu, ila nilitamani ardhi inimeze. Wiki ileile nikaenda Mbeya na dada yangu Tumpe. Yeye alikutwa salama. Jicho langu la kushoto lilikuwa limeshaanza kufa pembeni, wala sikuwa na habari. Nikapewa dawa ya matone, nikaambiwa ni ya maisha.

Niliporudi nilimwekea Tata kichupa cha matone kiganjani. Akakigeuzageuza, akaelewa. Akanivuta, akanipapasa kope kwa vidole vyake vigumu, na machozi yakamtoka. "Umewahi," akasema. "Umewahi, mwanangu."

Alifariki bila kuona tena. Utafiti ule haujakoma. Mjukuu wangu wa Tukuyu hunisomea habari zake kwenye simu, na kila mara nauliza kama tiba imewafikia watu. Hujibu, "Bado, babu." Nami huwaombea wale wataalamu, maana siku wakifaulu watainuka wengi waliokaa vibarazani kama Tata. Lakini usiache mbachao kwa msala upitao. Matone yangu sijayaacha hata siku moja, na ndiyo maana ninaposema nawe sasa naiona sura yako.

Kwa hiyo nenda ukapimwe ungali unaona, hasa kama kwenu yupo aliyepofuka. Ukipewa dawa, itumie hata siku usiyohisi chochote. Tumaini la kesho lisikufanye uache kulinda ulichonacho leo.

Mungu akutunzie nuru yako, mwanangu. Uzee ukikufikia, uwatambue wajukuu wako kwa sura zao kabla hawajafungua midomo.