Wasichana wafundishwa kukataa, wavulana watumwa kufyeka nyasi

Wakuu, hamjambo humu. Hii naandika nikiwa na hasira. Chumvi sijaongeza, ila jina la binti nimebadilisha.

Mimi ni nesi, naishi Busia upande wa Kenya. Shule moja ng'ambo ya mpaka, huko Sikuda, Uganda, iliniita niongee na vijana kuhusu ubakaji na consent, yaani ridhaa.

Nafika, nakuta wavulana wote wako nje na mafyekeo, wanafyeka nyasi. Eti somo hilo ni la wasichana, ndivyo wanavyofanya kila mara.

Nikamuuliza mwalimu mkuu mbona. Akacheka, akanijibu kwa Kiswahili cha upande wao.

"Madamu, hao nasikia nini? Wewe fundisha wasichana kujichunga."

Kujichunga na nani, kama si na hao hao walio nje? Nilimeza hasira, nikaingia darasani.

Nikawaambia mwili ni wako, una haki ya kukataa, na kunyamaza si kukubali. Binti mmoja, nimwite Nabwire, akasimama.

"Madamu, mimi nilikataa. Nililia. Ule kijana iko hapo nje, nakata nyasi."

Somo nikalifunga hapo hapo. Nikaagiza mama yake aitwe.

Nikampeleka zahanati pamoja na mama huyo, kisha polisi. Tukaambiwa tusubiri. Kabla jua halijazama, kijana alikuwa ameshavushwa kwa shangazi yake huku Kenya. Ndivyo tunavyofichiana wahalifu hapa mpakani, halafu tunaita undugu. Upuuzi mtupu!

Kesho yake wazee wa upande wa kijana wakaja kwa kina Nabwire na mbuzi, eti yaishe kinyumbani. Mtoto ameumizwa, wao wanawaza supu.

Sasa yule mama ni mjane, anauza dagaa sokoni, si mtu wa maneno mengi. Akapokea kamba, akawashukuru kwa adabu, kisha akamburuta mbuzi hadi polisi.

"Hii ndio wazee nanipa ninyamaze. Andika."

Safari hii waliandika. Wazee walipoitwa kueleza mbuzi ni wa nini, walimtaja kijana wenyewe, na alikojificha. Kesi inaendelea.

Funzo nililopata: binti kujua kukataa hakutoshi kama mvulana hajafundishwa kusikia. Walimu, waingizeni wote darasani.

Karibuni mchangie. Na wewe uliyewahi kula mbuzi wa namna hii, njoo hapa chini ujitetee.